Utenzi wa Aliyekimbia

Point, Durban
9 Novemba 1997

Dada Atu,

Shikamoo. Kaka Cyprian amesimama nyuma yangu na anataka salamu zake zitangulie zangu, basi ndizo hizo. Nimefika salama.

Nilidhani kaka anaishi peke yake kama mtu wa ofisini. Kumbe chumba chake, ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani karibu na bandari, kina watu saba, na mimi wa nane. Yuko Sultan wa Tanga, yuko Mrundi mmoja mpole anaitwa Jean-Bosco, na wengine nitakutajia siku nyingine. Wote kaka aliwaokota. Jioni anapika sufuria moja kubwa, anawapakulia wote, yeye anakula mwisho. Akipata koti kwa mabaharia, anampa asiye na koti. Siku niliyofika alivua buti zake akanipa, na asubuhi yeye akaenda kazini na kandambili.

Kazi yenyewe ni kupakia malori kule Clairwood, kwenye maghala. Kaka ndiye msimamizi wa vibarua. Asubuhi anasimama getini na kuchagua watu, na wale wenyeji wanaokosa wanabaki wakitutazama vibaya. Wanatuita makwerekwere, ndilo tusi lao kwa wageni. Kaka anasema nisiwajibu.

Jana alinitambulisha rasmi. Aliwaambia, huyu ni mdogo wangu, atakayemgusa amenigusa mimi. Nami nilikuwa nimeshiba na nimekunywa kidogo, nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba atakapoanguka kaka, na mimi nitaanguka papo hapo. Walicheka na kupiga makofi. Kaka hakucheka. Alinishika kichwa tu.

Mama anasema siku hizi unasoma habari za Waingereza waliopigana kwa mapanga. Ndicho walichokupelekea chuo kikuu?

Mdogo wako,
Gilbert


Dar es Salaam
4 Desemba 1997

Mpendwa Gilbert,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, na wenzangu bwenini wakadhani nawasomea kitabu.

Ndiyo, nasoma habari za hao Waingereza. Wanaitwa Waanglo-Saksoni, watu wa zaidi ya miaka elfu iliyopita, na tenzi zao za vita zimeandikwa kwa lugha ambayo Mwingereza wa leo haielewi. Tunazisoma katika tafsiri. Usicheke. Hebu sikiliza jinsi walivyoishi, halafu uniambie kama huwajui.

Nje ni baridi, giza na maadui. Ndani kuna ukumbi wa mbao, na moto katikati. Bwana wa ukumbi anawakusanya vijana wasio na kwao. Anawapa pete, upanga na mahali pa kukaa. Kila anachompa mtu kinamfunga mtu huyo kwake. Wakinywa, mmoja anainuka na kutamka mbele ya wenzake atakalotenda siku ya vita, na neno hilo halirudi tena kinywani. Bwana akiuawa, watu wake wanapigana juu ya mwili wake mpaka wa mwisho. Ndugu akiuawa, lazima kisasi au fidia, kama wazee wetu walivyodai ng'ombe. Mwenye bahati mbaya kuliko wote si aliyekufa. Ni yule aliyebaki bila bwana, anazunguka peke yake baharini na barafuni akikumbuka mkono uliokuwa ukimgawia.

Sasa unaelewa kwa nini barua yako ilinisisimua? Umenielezea ukumbi ule ule, isipokuwa wenu uko ghorofa ya tatu. Na wewe umeinuka ukasema neno lako bila hata kufundishwa na mtu.

Utauliza wanawake wako wapi. Wanamimina kinywaji, wanaozwa kwa maadui ili vita viishe, na vita visipoisha wanalia. Ndiyo kazi tuliyopewa.

Mwambie kaka ajitafutie buti nyingine.

Dada yako,
Atuganile


Point, Durban
22 Machi 1998

Dada,

Aliyowaambia Sultan kwa simu ni kweli.

Ilikuwa Jumanne tarehe 10, mchana. Walikuja watu wengi pale yadi ya Clairwood, na marungu na vyuma, wakisema tumewachukulia kazi. Kaka aliwapandisha vibarua wote kwenye lori na kumwambia dereva atoke kwa geti la nyuma. Yeye alibaki ili wasilifukuze lori. Jean-Bosco alibaki naye.

Na mimi nilibaki. Sikumwacha. Alifia mikononi mwangu, na hakuteseka. Mwambie Mama hivyo.

Tumemzika huku Jumamosi tarehe 14. Jean-Bosco yuko hospitali, bado hajaweza kusema. Sina la zaidi.

Gilbert


Tukuyu
19 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nyumbani. Tumeweka matanga bila mwili. Baba mdogo Dominiki aliweka picha ya kaka mezani na watu wakapita mbele yake kama mbele ya jeneza.

Barua yako nimeisoma kanisani. Sikupanga. Mchungaji aliuliza kama familia ina neno, na miguu ikanipeleka mbele. Nilipofika pale uliposema hukumwacha, wanaume waliinamisha vichwa. Mama alikuwa hajala siku ya nne. Jioni ile alikunywa uji. Aliniomba nimsomee tena sehemu ile moja, kwamba alikuwa mikononi mwako, na tangu siku hiyo naisoma kila anapolala na kila anapoamka.

Ukoo umekaa. Wamekubaliana kwamba wewe ndiye utakayeshika mahali pa Cyprian. Shamba la chini na nyumba ni vyako, na mtoto wa kwanza utakayemzaa ataitwa jina lake. Tunamaliza matanga mwezi wa nane. Uje.

Nami nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeanza kuzichoka zile tenzi. Nilisema moyoni, haya ni majivuno ya watu wa kale, hakuna anayekaa kufa kando ya mwenzake wakati njia iko wazi. Kabla ya kupanda basi kuja huku niliandika insha yangu upya, nikaeleza habari yenu bila kutaja majina. Mhadhiri ameiandikia pembeni kwamba hajawahi kusoma ushahidi ulio hai namna hiyo. Kaka amekufa, Gilbert, na sijui nitalibebaje jambo hili. Lakini hakufa peke yake kama mbwa, na hilo ndilo linaloniwezesha kuamka.

Dada yako anayejivunia wewe,
Atuganile


Durban
17 Mei 1998

Dada Atu,

Tafadhali usisome tena barua zangu kanisani. Wala Mama usimsomee.

Nimehama pale Point. Jean-Bosco anakaribia kutoka hospitali na atahitaji nafasi ya kunyoosha mguu. Naosha magari sehemu nyingine. Barua tuma kwa anwani ile ile, huwa napita kwa Sultan kuzichukua.

Mwezi wa nane sitakuja. Shamba wampe mtu mwingine.

Nina swali moja tu. Katika hizo tenzi zenu kuna hata mmoja wa mtu aliyekimbia? Nauliza tu.

Gilbert


Point, Durban
28 juin 1998

Dada Atuganile,

Hunijui. Mimi ninaitwa Jean-Bosco, Murundi wa Bujumbura, nilikuwa ninakaa na marehemu Cyprian. Adresse yako nimeipata ndani ya Biblia yake. Ninaomba pardon sikuandika mbele, nilikuwa hospitali tangu mars. Mufupa ya paja ilivunjika mahali mbili, na taya pia.

Ninajua Gilbert amekwisha kuwaambia vile ilikuwa. Lakini yeye hakuona mwisho, kwa sababu alikuwa amekwisha kwenda. Mimi niliuona. Ninataka mama aujue, asibaki na maulizo.

Gilbert alipokimbia tulibaki watu wawili, Cyprian na mimi. Lori lilikuwa limetoka, watu wote wazima. Halafu wale wakaingia. Sitaandika ile yote. Walipochoka wakaenda, na sisi tulilala pale chini, mimi na yeye, kutoka saa sita mpaka saa nane ambulance ilipofika. Alikuwa anapumua vibaya. Aliniuliza, "Gilbert amevuka?" Nikamuambia amevuka, nimemuona upande wa pili wa reli. Akasema, "Basi." Uso wake ulipumzika, dada, ninaapa.

Watu hapa wananiita shujaa. Si kweli. Mwaka 1993, mwezi wa octobre, walipokuja kwetu usiku, mimi nilitoka kwa dirisha. Bibi yangu Libérate, mke wangu, alikuwa ndani. Ni miaka tano sasa na mimi ningali ndani ya lile dirisha. Kwa hiyo pale Clairwood, miguu ilipotaka kwenda, niliiuliza, mutanipeleka wapi tena? Ni hiyo tu. Gilbert hakuwa anajua kule kukimbia kunafika wapi. Mimi nilikuwa nimekwisha kufika.

Sasa yeye ananikimbia mimi. Juzi nilimuona kwa robot ya Point Road, zile taa za magari, amekonda, nikamuita, akageuka akaenda mbio katikati ya magari. Lile neno la kaka yake hajalisikia. Kwangu hatalipokea. Wewe ni dada yake, umuandikie, umuambie kaka aliuliza kama amevuka na alifurahi. Umuambie mapema. Mimi ninajua ile njia yeye anatembea.

Courage kwa mama.

Jean-Bosco


Dar es Salaam
20 Julai 1998

Gilbert,

Jean-Bosco ameniandikia. Hakukusudia kukushtaki. Alidhani tunajua.

Uliandika kwamba hukumwacha. Uliandika kwamba alifia mikononi mwako. Nimeyasoma maneno hayo mbele ya kanisa zima. Nimemlisha Mama maneno hayo kama dawa, asubuhi na jioni, siku zote nilizokaa naye nyumbani. Mrundi aliyepewa godoro na sahani ya ugali alilala pale na kaka yetu saa mbili nzima, na wewe uliyenyonya titi moja naye ulikuwa upande wa pili wa reli.

Uliuliza kama kuna utenzi wa aliyekimbia. Hakuna. Aliyekimbia anatajwa katika utenzi wa mwingine, ili watu wajue ni nani aliyekosekana. Katika jamii ile aibu haikuwa yake peke yake. Ndugu zake wote walipoteza haki ya ardhi, na jina lao halikutamkwa tena ukumbini. Walisema ni heri kufa. Zamani niliona wamezidisha.

Mama bado hajui. Sijui nitamwambia nini. Wewe usiniandikie mpaka uwe na la kweli.

Atuganile


Durban
11 Agosti 1998

Dada Atuganile,

Hili ndilo la kweli.

Kaka alinipa kufuli. Aliniambia, nenda ukafunge geti la mbele, tutapata dakika tano. Nilikwenda. Nilipofika niliwaona, walikuwa wamejaa barabara nzima na walikuwa wanaimba. Geti lilikuwa wazi kiasi cha mtu mmoja kupita. Sikumbuki kuamua. Nilipita, nikaambaa na ukuta, nikavuka reli. Nilisikia kaka ananiita. Sijui alikuwa ananiita nirudi au nikimbie zaidi, na hilo ndilo ninaloliuliza kila siku. Nilikimbia barabara yote mpaka yanapoonekana makreni ya bandari. Pale ndipo nilipoona kwamba kufuli bado liko mkononi.

Kwa hiyo si kukimbia tu. Walipita kwenye geti ambalo mimi sikulifunga. Hilo Jean-Bosco halijui, na wewe sasa unalijua.

Uongo sikuupanga kwa ajili ya sifa. Niliandika kitu ambacho Mama angeweza kukimeza. Baadaye mkaujengea nyumba, mkaniita nije niishi ndani yake.

Uliyoyasema kuhusu wale watu wa kale ni sawa. Umenieleza tangu mwanzo habari ya yule anayebaki bila bwana, anazunguka. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwonea huruma. Nilidhani ni habari ya mtu mwingine.

Shikamoo ya Mama umpelekee au usimpelekee, utakavyoona.

Gilbert


Tukuyu
6 Septemba 1998

Gilbert, mdogo wangu,

Popote barua hii itakapokukuta, kaa chini uisome yote.

Nimekukosea kwa jambo ambalo hulijui. Jean-Bosco alinipa neno la kaka nikuletee, nami nililificha. Nililikunja nikaliweka, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka uumie. Neno lenyewe ni hili. Kaka alipokuwa amelala pale chini aliuliza, "Gilbert amevuka?" Akaambiwa umevuka. Akasema, "Basi," na uso wake ukapumzika. Hakuuliza kufuli. Hakuuliza geti. Unauliza alikuwa anakuita urudi au ukimbie zaidi. Jibu nimekuwa nalo tangu Julai, kwenye droo yangu, na badala ya kukupa nikakuandikia habari za Waanglo-Saksoni.

Mama amejua. Barua yako ya Agosti iliponifikia sikuweza kubaki Dar, nilipanda basi nikaja. Nilimsomea zote, ya Jean-Bosco na zako mbili, na nakala ya ile yangu ya aibu. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo Gilbert yuko hai kwa sababu alikimbia?"

Nikasema ndiyo.

"Basi abarikiwe aliyempa miguu. Mimi sikuzaa watoto wangu wafe wawili wawili."

Nikajaribu kumweleza, nikamwambia kwamba nimekuwa nikisoma juu ya watu walioona kukimbia ni kitu kibaya kuliko kifo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza hao watu mama zao walisemaje. Gilbert, nilitafuta kichwani kurasa zote nilizosoma kwa miaka miwili. Wako mama wanaolia kando ya moto wa mazishi. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kabla ya vita.

Baba mdogo na wenzake wamenuna. Mama amewaambia wanune wakiwa kwao. Anasema urudi, hata bila kitu, hata bila kutaka kuongea. Kila jioni anapika chakula cha mtu mmoja zaidi. Nikimuuliza anasema ni mkono tu umezoea.

Niandikie neno moja. Hata kama ni tusi.

Dada yako,
Atu


Point, Durban
4 octobre 1998

Dada Atuganile,

Barua yako kwa Gilbert imefika hapa kwa Sultan. Imekaa wiki moja, hakuna aliyekuja kuichukua, ndipo niliifungua. Ninaomba pardon. Nimeisoma mimi, na nimelia mimi. Yeye hajaisoma.

Sikutaka kuandika kabla sijatafuta. Pale alikuwa anaosha magari wanasema aliacha kazi katikati ya août, mwezi wa nane, hakuchukua hata nguo zake. Nimekwenda hospitali mbili. Nimekwenda gereza, wameangalia jina, hayuko. Nimekwenda na pale wanaweka maiti. Wamenionyesha vijana watatu wasio na jina, na hakuna aliye yeye. Lakini yule mutu wa pale aliniambia wale wanaokaa muda murefu bila ndugu wanazikwa na manispaa, na kitabu chao cha waliozikwa août hakina picha.

Halafu nilikwenda Clairwood, mahali sikutaka kurudi. Mulinzi wa yadi anamukumbuka. Anasema kulikuwa na kijana mugeni alikuja kila asubuhi, karibu siku kumi. Hakuomba kazi. Alisimama katikati ya geti tu. Wenyeji walimucheka, halafu walimusukuma, akaanguka, akaamka, akasimama tena pale pale. Malori yalikuwa yanampigia honi. Mulinzi alimuuliza anataka nini, akasema hataki kitu. Siku moja hakuja. Nilimuuliza siku gani. Akasema hakuandika, hakuwa mufanyakazi.

Ningekuwa nimemukamata siku ile kwa robot, ningemuambia mimi mwenyewe. Lakini nilisema ni afazali asikie kwa dada yake. Usijilaumu peke yako. Tugawane.

Barua yako ninaishika mimi. Kama atakuja, nitamupa kabla sijamusalimia.

Mama umuambie ninaendelea kumutafuta kila siku, na kuna watu wamemuona Johannesburg, muzima. Si kweli, dada. Hakuna aliyemuona, na hili paja halinipeleki tena mbali kuliko bandari. Lakini umuambie hivyo.

Jean-Bosco